Gari liligongwa bandarini nikiwa Idjwi, na wote wanataka kijana mlinzi ndiye alipe

Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka hapa hapa Bukavu. Mimi ni mchuuzi wa mananasi na ndizi. Navuka ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi, nanunua kwa wakulima, narudi kuuza sokoni Nyawera. Gari ninalobebea mzigo kutoka bandarini ni Noah nyeupe ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye anafanya kazi Kindu. Alipoondoka alituachia kwa maneno haya: litumieni mtafute maisha, ila lisilale mahali pasipo mlinzi.

Wiki iliyopita nilishuka bandarini jioni kuwahi mashua. Niliegesha ukingoni mwa ule mteremko unaoshuka majini, mkono wa kulia, pua ikitazama ziwa. Kuna kijana anayelinda magari pale, wote tunamjua. Nilimpa franka zake kama kawaida, nikamwonyesha kuwa milango imefungwa, nikaondoka na funguo zangu. Kesho yake mchana narudi na mzigo, nakuta watu wamezunguka gari.

Upande wote wa kushoto umeharibika, Mama. Mlango ule wa kusukuma umebonyea, bati limekwanguliwa tangu nyuma hadi mbele, kioo cha dirisha kimepasuka, na kioo cha pembeni kimekunjwa kuelekea mbele kikawa kinaning'inia kwa waya. Kuna rangi ya bluu imeshika kwenye bati. Chini ya gari palikuwa na vipande vya plastiki nyekundu. Karatasi hakuna, namba ya simu hakuna, hata mtu wa kusema pole kwa niaba ya aliyegonga hakuna. Kijana anasema hakuona kitu, alikuwa amekwenda kula. Watu wa bandari wanasema magari ni mengi, nani ataangalia.

Nikiwa napakia mananasi kwenye pikipiki, mama mmoja anayeuza mandazi pale akanivuta pembeni. Akaniambia ni Fuso ya mfanyabiashara fulani, ililetwa usiku kupakia mzigo. Akanitajia jina. Nikahisi miguu inalegea, maana huyo baba ndiye anayesaidia kwaya yetu kanisani, ndiye aliyetununulia sare. Kisha mama akaniambia: usinitaje, madereva hao ndio wanaonunua mandazi yangu, na msaidizi wa ile Fuso ananijua mpaka nyumbani.

Sasa nyumbani kwangu ni moto. Mume wangu anasema kijana amekula pesa yangu kwa hiyo yeye ndiye alipe, na kama hana, wazazi wake wauze mbuzi. Jirani yetu anafahamiana na afisa mmoja wa polisi, anasema tumpe kitu kidogo, kijana afungwe siku chache, atataja tu. Dada yangu wa kikundi cha maombi anataka twende kwa nabii, aonyeshwe aliyefanya hivyo. Shemeji nimemwambia siku ile ile kwa simu. Alinyamaza, halafu akasema: nilikuachieni gari zima, mwisho wa mwezi nakuja, nataka kulikuta zima. Fundi wa bati wa Kadutu anataka dola 280, na hapo hajahesabu kioo cha dirisha.

Mama, kijana anapaswa kulipa? Yule baba nimwendee vipi bila kumchoma mama wa mandazi? Gari lina karatasi ya bima kwenye kioo cha mbele. Bima hiyo haiwezi kulipa? Na shemeji nimjibu nini? Silali.

Mama wa mananasi, Bukavu

*

Mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa sababu umeandika mambo ambayo wengi hawayaoni wakikuta gari limegongwa. Wao hulia, hupiga kelele, huita fundi, na fundi akishapiga nyundo ya kwanza ushahidi wote umekwisha. Wewe uliangalia. Kwa hiyo nianze na gari lenyewe, kisha nije kwa watu.

Usilitengeneze kwanza. Najua shemeji anakuja na unatamani alikute linang'aa, lakini bati hilo ndilo shahidi wako pekee asiyeogopa mtu. Lipige picha mchana, kwa mbali ili pande zote zionekane, halafu kwa karibu. Chukua utepe wa fundi nguo, uushikilie kuanzia chini hadi pale mkwaruzo ulipo, upige picha utepe ukiwa umewekwa hivyo. Vile vipande vyekundu, kama bado unavyo, vitie kwenye bahasha. Kama viliachwa pale chini, rudi leo leo, maana kwenye mteremko mvua moja tu inavipeleka ziwani. Na hiyo rangi ya bluu usiioshe wala usiache watoto waikwangue kwa kucha.

Sasa tulisome gari. Unasema uliegesha mkono wa kulia, pua ikitazama maji. Maana yake ubavu wako wa kushoto ulikuwa unatazama njia. Mkwaruzo umetoka nyuma kwenda mbele, na kioo cha pembeni kimelalia mbele. Basi kilichokugonga kilikuwa kinashuka kuelekea ziwa. Kingekuwa kinapanda, kioo kingelalia nyuma. Pima ujue mkwaruzo uko juu kiasi gani. Ukiwa kwenye usawa wa kitasa cha mlango au juu yake, ondoa magari madogo yote kwenye hesabu, kwa sababu bampa la gari dogo halifiki huko. Pembe ya bodi ya lori inafika.

Tena kuna jambo ambalo kila mtu wa Bukavu analijua bila kulifikiria. Sisi tunapita mkono wa kulia wa barabara, lakini Fuso nyingi za hapa zimetoka Japani na usukani wake uko kulia. Lori likishuka kwa pua, dereva huyo angekuwa upande wa gari lako, angeliona kwa macho yake. Likirudi nyuma kwenda kwenye mashua, kichwa kikitazama mlima, gari lako linakuwa upande wake wa kushoto, pale asipoona kitu, na anabaki kumtegemea msaidizi anayepiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti: rudisha, rudisha. Usiku, mzigo ukiwa juu, mashua inataka kuondoka. Ninavyoona, ndivyo ilivyokuwa: lori la bluu, likirudi nyuma kupeleka mzigo. Vile vipande vyekundu, kama taa zako zote za nyuma ni nzima, havikutoka kwako. Vimetoka kwenye taa ya mtu mwingine.

Hayo yote hukuyapata kwa mama wa mandazi. Shika jambo hilo vizuri, maana ndilo litakalomlinda.

Nije kwa kijana. Hapana, hapaswi kulipa, na ningependa mume wako asome sehemu hii mwenyewe. Hukumpa funguo. Hukumkabidhi gari alihamishe wala alifungie mahali. Ulimpa franka chache ili awafukuze maibobo, watoto wa mitaani, wanaofungua vifuniko vya magurudumu na wezi wa vioo. Kwa pesa ile hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya lori linalorudi nyuma. Sheria yetu ya madeni hapa Kongo, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo mawakili huiita Kitabu cha Tatu, inasema katika kifungu cha 258 kwamba tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu yule aliyekosea kuirekebisha. Aliyekosea ni aliyeendesha, na aliyeondoka. Kijana anadaiwa kitu kimoja, ukweli, na ukweli huo hautaupata kwa kumtisha.

Kuhusu kumfungia, nakusihi kabisa usifanye hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kukabidhiwa kwa mamlaka ya sheria inayohusika. Wote tunajua saa 48 za kwenye katiba zinavyoweza kugeuka wiki kwenye sakafu ya simenti. Kijana akipigwa atataja jina, ndiyo. Atataja jina lolote. Huenda likawa la mtu asiyemiliki hata toroli, nawe utakuwa umelipia uongo kwa mgongo wa mtoto wa mtu. Na yule afisa atakayepokea kitu kidogo kutoka kwako, kesho atapokea kitu kikubwa kutoka kwa mwenye Fuso. Mlango huo ukiufungua wewe, mwenye pesa nyingi ndiye atakayepita.

Mtafute kijana siku ambayo hayuko kazini, bila mume wako, bila jirani. Anza kwa kumwambia wazi kwamba humdai hata franka moja. Kisha usimuulize ni nani. Swali la nani linamfunga mdomo, maana anajua litamrudia. Muulize mambo madogo: ulikwenda kula saa ngapi? Ulipoondoka, mashua gani ilikuwa inapakia? Ilikuwa inapakia nini, bia, simenti, unga? Uliporudi, gari langu ulilikuta tayari hivi? Mtu anayeogopa kusema jina husema kwa urahisi kwamba ilikuwa simenti. Na ukishajua ni simenti na ni mashua gani, unakwenda kwa wenye mashua kama mfanyabiashara mwenzao, unauliza simenti ya usiku ule ilikuwa ya nani. Hiyo si siri ya mtu, mzigo una karatasi. Ulizia pia pale wanapotoza ushuru wa magari yanayoingia kupakia. Mara nyingi kwenye kishina cha risiti kuna namba ya plaki, yaani namba ya gari. Ukiipata, andika tarehe, plaki na jina la aliyekuonyesha, basi.

Kwa mama wa mandazi, ulichopewa ni dira. Alikuonyesha upande wa kutazama, na sasa unatazama kwa macho yako mwenyewe. Usimtaje kwa polisi, wala kanisani, wala kwa mume wako akiwa na hasira. Wala usimwombe ushahidi baadaye ukidhani ameshazoea. Yule mama anaishi kwa sarafu za wale wale madereva, na wewe ukishalipwa utarudi Nyawera, yeye atabaki pale pale mbele ya sufuria yake ya mafuta. Akitaka mwenyewe kusema siku moja, ni uamuzi wake. Mimi nisingejenga kesi juu yake hata kama angekubali.

Nabii usiende. Nasema hivyo nikiwa mtu wa maombi. Nabii akitaja jina, huna la kumwonyesha hakimu, lakini una la kuwaonyesha vijana wa mtaa, na sote tumeona Bukavu umati unavyofanya mtu akishaitwa mwizi au mchawi. Kama jina hilo ni la kijana mlinzi, utalala vipi? Mwambie dada yako akuombee upate usingizi na maneno mazuri ya kusema. Maombi hayo unayahitaji kweli.

Bima sasa, maana hapa watu wengi wanajidanganya. Ile karatasi kwenye kioo chako, kama ni ile ya lazima tu, inalipa hasara ambayo gari lako linawasababishia wengine. Haitengenezi gari lako mwenyewe. Ili bima yako ikutengenezee bati, shemeji alipaswa kulipia pia kinga ya gari lenyewe, nayo ni ghali, na wenye Noah za kubebea mananasi wengi hawailipii. Mwombe akutumie picha ya mkataba ili tusibahatishe. Lakini geuza karatasi hiyo uitazame upande wa pili: Fuso nayo inatakiwa kuwa nayo. Bima ya lazima ya magari tunayo tangu mwaka 1973. Bima ya Fuso ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Zamani ungejua bila kuuliza kwamba ni SONAS, kampuni ya bima ya serikali, lakini sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko na sasa kuna makampuni mengine, kwa hiyo ukiliona lori hilo, piga picha karatasi ya kwenye kioo chake, jina la kampuni na namba ya mkataba.

Bima hiyo haitasikiliza hadithi. Itadai PV, yaani taarifa rasmi iliyoandikwa na polisi wa barabarani, wale wa PCR. Waite waje kuliona gari kabla halijaguswa, waandike walichokiona: mahali, urefu wa mkwaruzo, rangi, vipande. Mwambie anayeandika aweke wazi kwamba gari lilikuwa limeegeshwa, halina mtu ndani, na aliyegonga alikimbia. Neno hilo la kukimbia lina uzito wake. Sheria yetu ya barabarani, nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamwadhibu dereva anayejua kwamba amegonga kisha anaondoka ili asijulikane, na hiyo ni adhabu mbali na deni la kutengeneza. Dereva aliyegonga na kusimama ana deni tu. Aliyetoroka ana deni na kosa. Mwenye lori akielewa tofauti hiyo, mazungumzo hubadilika.

Najua utaniambia ofisi hazifanyi kazi sawasawa katika mji wetu, na leo huyu yupo, kesho hayupo. Ni kweli, na sitakuficha. Ndiyo maana nataka uwe na nakala ya kila karatasi nyumbani, na picha zote kwenye simu mbili. Haki ya kudai fidia haifi kwa miezi michache. Isipopata hakimu leo, ikiwa na karatasi, itampata. Walakini sidhani utafika huko. Hapa kwetu mambo mengi ya bati humalizika mezani, na kwako nafikiri meza itatosha.

Meza hiyo ni ya yule baba wa kwaya. Kwanza tumtendee haki: huenda hajui. Lori lilikuwa na dereva na msaidizi, yeye alikuwa amelala kwake. Dereva aliyevunja kitu usiku hamwambii tajiri asubuhi, kwa kuwa atakatwa mshahara au atafukuzwa. Ukienda kwake umeshamhukumu kuwa mwizi, atalinda jina lake, na jina lake ni kubwa kuliko lako. Ukienda kama mtu anayemletea habari za lori lake, unampa nafasi ya kuwa mtu mwema. Sare za kwaya hazihusiani kabisa na jambo hili. Asitegemee kwamba zimekununua, nawe usione haya kudai kwa sababu ulizivaa.

Usimwendee kanisani baada ya ibada, mbele za watu. Mpigie simu, umwombe muda, uende na mume wako na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, kama mzee wa kanisa au shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa. Mwambie hivi, kwa utulivu: Papa, usiku wa tarehe fulani gari letu liligongwa bandarini na lori la bluu lililokuwa likirudi nyuma kupakia. Usiku huo lori lako lilikuwa pale. Hatusemi ni lako, tunaomba tuliangalie pamoja. Kisha nyamaza. Mkifika kwenye lori, nendeni moja kwa moja kwenye pembe ya nyuma ya kushoto. Toa utepe wako, pima. Tafuta rangi nyeupe. Tazama taa ndogo nyekundu ya pembeni: ipo, imevunjika, au ni mpya wakati mwenzake wa kulia amefifia kwa jua? Toa vipande kwenye bahasha uvilinganishe. Hutahitaji kumtaja mtu yeyote. Na ikiwa vipimo havikubaliani, omba radhi pale pale, urudi kwenye vishina vya risiti. Lori la bluu haliko moja Bukavu, na mama wa mandazi naye aliona usiku.

Akikubali lakini akasema ni kosa la dereva, basi mdai dereva, mjibu kwa heshima kwamba kifungu cha 260 cha sheria ile ile ya 1888 kinamfanya bwana ajibu kwa hasara iliyosababishwa na mtu wake akiwa kazini. Akubaliane na dereva wake baadaye, hayo ni yao. Na ningemwomba, ningekuwa wewe, asimfukuze, ila hilo ni ombi, si sharti.

Bei nayo uiandae kabla. Fundi mmoja hatoshi. Chukua makadirio ya maandishi kwa mafundi wawili wasiojuana, kila kitu kwenye mstari wake: kunyoosha mlango, kioo cha dirisha, kioo cha pembeni, rangi, kazi. Ongeza pesa ulizolipa pikipiki kubeba mananasi tangu siku ile, kama una jinsi ya kuzionyesha. Hiyo pia ni hasara. Usiongeze cha juu ili mkipunguziana ubaki palepale. Tajiri wa magari anajua bei ya bati kuliko wewe, na akikukamata kwenye dola 50 za uongo, hata zile 280 za kweli atazitilia shaka. Akitaka litengenezwe kwenye gereji yake mwenyewe, si vibaya, mradi muandike nini kitatengenezwa, lini litatoka, na kwamba fundi wako ataliangalia kabla hujalipokea. Akitaka kulipa kwa awamu, kubali, tarehe ziandikwe. Maneno matupu usiyakubali, hata yakitoka kwa mzee wa kanisa. Karatasi iwe na sahihi zenu wawili na ya yule shahidi, nakala mbili. Wala usitie sahihi kwamba umemaliza madai yako yote kabla pesa haijafika mkononi au gari halijatoka gereji.

Akikataa kuonyesha lori, au akakufukuza, hapo ndipo unakwenda na PV yako, picha, plaki na jina la kampuni ya bima. Mwandikie barua kwanza, fupi, uhifadhi nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Baada ya hapo mwone wakili au shirika linalosaidia wasio na uwezo kisheria, usiende peke yako kupigana na mtu mwenye malori.

Shemeji nimemwacha mwisho, ingawa najua ndiye anayekunyima usingizi. Umemwambia siku ile ile. Ulilitumia kwa kazi aliyoiruhusu, uliliacha kwa mlinzi kama alivyosema. Mtu aliyeazimwa kitu akakitunza vizuri halipi kilichoharibiwa na mkono wa mwingine. Lakini mambo ya ukoo hayaendi kwa sheria peke yake, na ukimpelekea vifungu kwa simu utaongeza ugomvi. Mume wako ndiye ampigie. Ni kaka yake, na mpaka sasa naona hasira zake zote zimemwelekea kijana mlinzi, wakati kazi yake hasa ilikuwa kusimama kati yako na kaka yake. Amwambie: Yaya, kaka yangu, gari limeumizwa likiwa limeegeshwa, tunamtafuta aliyeligonga, hizi hapa picha na PV, hatujalitengeneza makusudi ili ushahidi usipotee. Mumtumie vyote. Mtu aliye mbali hukasirika zaidi asipoona kitu. Akifika mwisho wa mwezi kabla ya malipo, mpelekeni bandarini akasimame pale ulipoegesha. Kisha, kama ana mawasiliano na hekima, aje naye kwenye meza ya mwenye Fuso, kwani mwenye gari kisheria ni yeye, na sahihi yake kwenye mapatano itahitajika, au barua yake ya kukuruhusu kudai kwa niaba yake. Iombe barua hiyo sasa hivi, na nakala ya karatasi ya gari yenye jina lake. Bila hiyo, watu wa bima watakurudisha nyumbani.

Biashara yako isisimame. Lakini pale kwenye mteremko usiegeshe tena usiku, hata mlinzi awe hodari namna gani. Njia ile ni ya malori, na mashua nyingi za mizigo hupakia jioni na usiku. Tafuta mtu mwenye geti juu, karibu na barabara, mlipane kwa mwezi, ushuke kwa miguu. Ukikosa, liache likiwa limeelekea kutoka, vioo vya pembeni vimekunjwa, upande mmoja ukigusana na ukuta, na kabla ya kupanda mashua lizunguke na simu ukipiga picha.

Mkishapata majibu ya yule baba, niandikie. Na kama atakupa karatasi ya mapatano aliyoiandika yeye, nitumie picha yake kabla hujaweka sahihi.

Mama Mshauri